Wasomaji Wanauliza: Sababu ya jina la mtoto anaijua nani?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Tulipozungumzia akika na kunyoa nywele siku ya saba, nilitarajia maswali kuhusu mbuzi na bei zake, lakini wengi wenu mmeuliza kuhusu majina ya watoto wa watu mashuhuri, na hasa kuhusu magazeti na kurasa za mitandaoni zinazodai kujua kwa nini jina fulani limechaguliwa. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndiyo inayobeba nyengine zote.

*Assalaamu alaykum. Mimi ni mama mtarajiwa, naishi Wete. Wifi yangu anapenda sana habari za wanamuziki, na kila siku ananitumia kwenye simu habari za majina ya watoto wao: huyu kaitwa hivi kwa sababu ya albamu ya baba, yule kwa sababu ya tarehe ya ndoa, mwengine kwa sababu ya mambo ya Freemason. Hii ya mwisho imenitia hofu, maana jina moja katika hayo nilikuwa nimelipenda. Waandishi hawa wanazipata wapi sababu hizo, na tuziamini kiasi gani?*
*Mama mtarajiwa, Wete*

Wa alaykumu ssalaam, mdogo wangu, na Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama. Tulichukue jina la Blue Ivy, mtoto wa kwanza wa Beyoncé na Jay-Z, kwani sina shaka kuwa ni miongoni mwa uliyotumiwa. Mtoto huyo alizaliwa New York tarehe 7 Januari 2012, na haukupita muda sababu za jina lake zikawa zimeshaenea kila pembe. Kwa upande wa Blue, walikumbusha kuwa baba yake ana albamu zinazoitwa The Blueprint, ya kwanza ikiwa imetoka mwaka 2001. Kwa upande wa Ivy, waligundua kuwa tarakimu ya nne ya Kirumi, IV, ukizitamka herufi zake moja moja kwa Kiingereza, inakaribiana na jina hilo. Basi wakazipanga tarehe: baba kazaliwa tarehe 4 Disemba, mama tarehe 4 Septemba, na ndoa yao ilifungwa tarehe 4 Aprili 2008. Tarehe zote hizo ni za kweli, na hapo ndipo msomaji anaponasa, kwa sababu akishaona kuwa tarehe ni sahihi huchukulia kuwa na sababu nayo ni sahihi, ilhali mzazi hajafungua kinywa.

Kinywa kilifunguliwa baada ya zaidi ya miaka kumi. Mwezi wa Novemba 2023 Jay-Z alihojiwa na mtangazaji Gayle King, akasimulia kuwa jina walilolikusudia tangu mwanzo lilikuwa Brooklyn, sehemu ya New York aliyokulia yeye. Walipoiona picha ya utrasaundi, mtoto alionekana mdogo mno, wakaanza kumwita kwa utani blueberry, ambalo ni tunda dogo la buluu linaloliwa sana Marekani. Utani ukazoeleka ndani ya nyumba, mwisho wakaikata sehemu ya pili ya neno, ikabaki Blue. Katika maelezo hayo hamna albamu wala tarehe. Ni kisa cha mume na mke wanaoitazama picha ya mtoto wao, na mtu ambaye hakuwemo humo chumbani hawezi kukikisia hata akipewa mwaka mzima wa kufikiri. Sisi Wazanzibari kisa cha namna hiyo hakitushangazi. Fatuma binti Baraka, aliyetuimbia mpaka alipofariki mwezi wa Aprili 2013, dunia ilimjua kwa lakabu ya Bi Kidude, na lakabu hiyo ilitokana na udogo wa umbo lake alipozaliwa.

Ama hilo la Freemason, naomba uliondoe moyoni. Asili yake ni uvumi ulioenea mwaka ule ule wa 2012, kwamba jina la mtoto likisomwa kinyumenyume huwa Eulb Yvi, na kwamba hayo ni maneno ya Kilatini yenye maana ya binti wa shetani. Kilatini hakina maneno hayo. Binti kwa Kilatini huitwa filia, na ni katika maneno ambayo mwanafunzi wa lugha hiyo hufundishwa mwanzo kabisa, kwa hiyo kuuvunja uvumi huo kulihitaji kufungua kamusi tu. Hata hivyo ulivuka bahari, ukafika Afrika Mashariki, na mpaka leo unatumwa kutoka simu hadi simu. Nalisema hili kwa uchungu, dada yangu. Mtoto mchanga, asiyejua hata kushika kidole, alibandikwa ubaya na watu wasiomjua, na leo ni msichana mkubwa anayeweza kuusoma mwenyewe.

Ukitaka kuona habari hizi zinavyojengwa, chukua mojawapo ya zile ulizotumiwa uisome polepole. Kichwa cha habari kitasema kuwa siri imefichuka. Aya ya kwanza itaanza na neno inasemekana. Ya pili itamleta mtu wa karibu na familia, asiye na jina, ambaye hasemi aliyasikia wapi anayoyasema. Kisha mwandishi atafungua kamusi ya majina, akueleze kuwa jina hilo kwa lugha fulani ya kale lina maana ya nuru au ya shujaa, na kwamba bila shaka wazazi waliipenda maana hiyo. Mwishoni kabisa, pale ambapo wasomaji wengi hawafiki, utakuta mstari mmoja unaosema kuwa wazazi wenyewe hawajaeleza lolote. Mstari huo ndio uliokuwa habari, na yaliyoutangulia yote ni dhana ya mwandishi, aliyelishika jina lililokwisha kutangazwa akarudi nalo nyuma kulitafutia sababu ya kulifaa.

Kwa njia hiyo hakuna jina litakalokosa sababu. Fikiria mtoto anayezaliwa hapo kwenu Wete akaitwa Juma. Jirani mmoja atasema kazaliwa siku ya Ijumaa. Mwengine atasema ni somo wa babu yake mzaa baba, wa tatu atamkumbuka ami aliyefariki safarini, na wa nne, ambaye ndiye hatari zaidi, atamkumbuka Juma aliyewahi kumposa mama wa mtoto kabla ya ndoa. Kila mmoja anasema jambo linalowezekana, pengine na tarehe za kuliunga mkono, lakini sababu iliyotumika siku ile wanaijua waliokuwepo jina lilipotolewa. Ndiyo maana mimi nikisoma habari ya jina huuliza mambo mawili tu: aliyeyasema ni nani, na je, yeye ndiye aliyempa mtoto jina? Jibu la pili likiwa hapana, huihesabu kuwa ni tetesi, hata kama imepambwa kwa picha nzuri.

Jina ulilolipenda, kama lina maana njema na baba wa mtoto ameliridhia, mpe mwanao. Utakuwa umempa kwa sababu zako mwenyewe, na wala si lazima umweleze wifi.

*Mwanangu mwandishi, sisi tulizoea jina la mtoto kutolewa na wakubwa, dua ikasomwa, watu wakala wali wakaenda zao. Naona wajukuu zangu wanasoma magazeti ya Ulaya yanayobashiri majina hata mtoto hajazaliwa. Jina la mtoto wa mtu linawahusu nini?*
*Mzee wa Makunduchi*

Shikamoo, babu. Linawahusu kwa sababu ya fedha. Huko Uingereza kuna maduka ya kamari yaliyo halali kisheria, na mtoto wa ufalme anapokaribia kuzaliwa watu huweka dau juu ya jina lake. Mwaka 2013 jina la George ndilo lililoongoza katika dau miongoni mwa majina ya kiume, na kweli mtoto aliyezaliwa tarehe 22 Julai aliitwa George. Mwaka 2018 lililoongoza lilikuwa Arthur, lakini mtoto akaitwa Louis, na Arthur likawekwa katikati tu. Mwaka uliofuata mtoto wa Prince Harry na Meghan akaitwa Archie, jina ambalo halikuwa miongoni mwa yaliyopewa nafasi kubwa. Magazeti huzichapisha hesabu hizo za kamari kila siku kana kwamba ni taarifa, wasomaji huzifungua, matangazo ya biashara yanaonekana na malipo yanaingia. Jina likishatangazwa, kazi ya kubashiri hugeuka kuwa kazi ya kueleza sababu, na gazeti lililokosea jana halirudi kusema kuwa lilikosea.

Kuhusu huyo Archie, maelezo ya wazazi yalikuja mwezi wa Aprili 2020, walipoitangaza jumuiya yao ya hisani ya Archewell. Walisema kuwa neno la Kigiriki arche, wanalolifahamu kwa maana ya chimbuko la vitendo, lilikuwa mioyoni mwao tangu walipokuwa wakiiwazia jumuiya hiyo, na kwamba ndilo lililowapa jina la mtoto wao. Kwa karibu mwaka mzima kabla ya hapo watu walikuwa wameandika kila waliloweza kuliandika.

Lakini lipo jambo la ajabu kuliko la kamari, babu, nalo ni kwamba mara moja moja uvumi huzaa jina lenyewe. Mwaka 2013 Kim Kardashian alipokuwa mjamzito, palienea maneno kuwa mtoto ataitwa North, ili likiunganishwa na jina la baba yake, Kanye West, liwe kaskazini magharibi. Mama alikwenda katika kipindi cha televisheni cha Jay Leno akalikanusha, akasema kuwa halimo katika orodha yao. Baadaye alieleza kuwa watu waliousikia uvumi huo, akiwemo mwanamuziki Pharrell Williams na mhariri wa jarida la mitindo Anna Wintour, waliwaambia kuwa jina hilo ni zuri mno, na kidogo kidogo na wao wakalipenda. Mtoto alizaliwa tarehe 15 Juni 2013 akaitwa North. Hapo utaona kuwa magazeti hayakuishia kusimulia, yaliingia mpaka ndani ya nyumba ya watu yakashiriki katika jambo ambalo kwetu ni la wazazi na wazee.

Jambo hili halipo Ulaya na Marekani pekee. Watoto wa Diamond Platnumz wamekuwa wakiandikwa tangu siku ya kuzaliwa, kuanzia Latifah mwaka 2015. Ila alipozaliwa mwanawe na Tanasha Donna tarehe 2 Oktoba 2019 akaitwa Naseeb Junior, wabashiri hawakuwa na kazi kubwa, kwa kuwa Naseeb ni jina la baba na tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa baba. Sisi huku tumezoea zaidi kumrithisha mtoto jina la babu yake, lakini angalau sababu ilikuwa waziwazi.

*Mimi ni mwalimu wa skuli Mkoani. Katika chumba cha walimu tumebishana kuhusu Lilibet, binti wa Prince Harry. Mwenzangu anasema wazazi walilichukua jina hilo bila ya kumuuliza Malkia, mimi nasema walimuuliza. Nani kati yetu amesema kweli?*
*Mwalimu, Mkoani*

Mwalimu, mnabishana kwa sababu habari zenyewe zilibishana. Mtoto alizaliwa California tarehe 4 Juni 2021, akapewa majina mawili: Lilibet, ambalo Malkia Elizabeth aliitwa na jamaa zake tangu utotoni aliposhindwa kulitamka vizuri jina lake, na Diana, jina la mama yake Harry aliyefariki Paris mwaka 1997. Siku chache baadaye BBC iliripoti, kwa kumtegemea mtu wa ikulu ambaye hakutajwa, kuwa Malkia hakuulizwa. Msemaji wa wazazi akajibu kuwa Harry alizungumza na familia kabla ya jina kutangazwa, kwamba bibi yake alikuwa wa kwanza kupigiwa simu, na kwamba kama asingeliafiki jina hilo wasingelitumia.

Ukizisoma kauli hizo mbili kwa utulivu utaona kuwa zinaweza kusimama pamoja. Kuomba ruhusa ni jambo moja, na kumpigia mzee simu ukamwambia kuwa tunatarajia kumpa mtoto jina lako ni jambo jengine, na mzee akajibu kwa furaha bila ya neno ruhusa kutamkwa na yeyote. Hata huku, mtu akitaka kumwita bintiye jina la bibi aliye hai, humwendea bibi kumjulisha na kutaka radhi zake, wala sijawahi kumsikia bibi akiulizwa kama anakubali au anakataa. Aliyejua yaliyosemwa kwenye simu ile ni Harry na bibi yake, na kwa upande wetu tunayo kauli ya msemaji wa Harry, yenye mwenyewe. Kwa kipimo changu inakaribia zaidi upande wako, mwalimu. Mwenzako naye hakuzua kitu, alisoma habari iliyoandikwa na shirika kubwa. Kosa lipo kwa waliolifanya suala la heshima ya mjukuu kwa bibi yake kuwa kesi ya mshindi na mshindwa, siku chache tu baada ya mtoto kuzaliwa.

*Je, ni kweli kuwa tajiri Elon Musk alimwita mwanawe X Æ A-12, au ni uongo wa mitandaoni?*
*Kijana wa Mtoni*

Ni kweli. Mtoto alizaliwa tarehe 4 Mei 2020, na mama yake, mwanamuziki Grimes, alieleza mwenyewe kwa maandishi maana ya kila sehemu: X kwa ajili ya kisichojulikana katika hesabu, Æ kwa ajili ya akili bandia, na A-12 kwa ajili ya ndege ya kijasusi ya Marekani wanayoipenda wazazi. Sheria ya California hairuhusu tarakimu katika cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo 12 ikabadilishwa ikaandikwa kwa herufi, Xii. Jina hili lilionekana la ajabu kuliko yote, na ndilo ambalo sababu yake ilipatikana upesi kutoka kwa mzazi, lakini watu waliendelea kuzibuni nyengine.

*Naishi Michenzani. Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kiume, na mume wangu akamwita Rumi, kwa kuwa marehemu baba yake alipenda kutusimulia habari za Maulana Jalaluddin Rumi baada ya sala ya Isha. Sasa majirani wanasema nimemuiga Beyoncé, eti kwa kuwa ana mtoto wa jina hilo. Yameniuma. Mume wangu anataka tubadilishe jina kwenye cheti kabla mtoto hajaanza skuli. Tufanye nini?*
*Mama Rumi, Michenzani*

Pole sana, mama. Kuna jambo ambalo majirani zako pengine hawalijui, nalo ni kwamba familia hizo mbili zimekunywa katika kisima kimoja. Pacha wa Beyoncé na Jay-Z walizaliwa mwezi wa Juni 2017, na majina yao, Rumi na Sir, yalijulikana kupitia maombi ya hati ya kulinda jina la biashara yaliyopelekwa serikalini, kabla wazazi hawajasema neno. Hiyo ilikuwa habari yenye ushahidi, maana karatasi ilikuwepo. Mwezi wa Agosti mwaka huo Jay-Z alieleza kuwa Rumi ni mshairi wanayempenda. Mshairi huyo ni yule yule Maulana aliyezaliwa mwaka 1207 na kuzikwa Konya mwaka 1273, mwanachuoni wa Kiislamu ambaye watu wamemsoma kwa karne nyingi kabla muziki wa kurekodiwa haujakuwepo. Kama pana muigaji, basi si mkweo, aliyekuwa akiwasimulia watoto baada ya Isha.

Wakija tena na maneno hayo, waeleze kisa cha mkweo kama ulivyonieleza mimi, kwa ufupi, bila ya kujitetea. Watu wengi hubuni sababu pale tu ambapo hawajapewa iliyo ya kweli. Mohamed Salah alipompa binti yake jina la Makka mwaka 2014, hakuna aliyehangaika kubashiri, kwa kuwa kila Muislamu aliijua sababu bila ya kuambiwa. Sababu yako wewe imefichika kwa vile waliomsikia marehemu ni ninyi wa nyumbani tu.

Kuhusu cheti, ushauri wangu ni kuwa msibadilishe. Mabadiliko ya jina yanahitaji maombi, viambatanisho na ada, na mtoto atabaki na karatasi mbili atakazolazimika kuzieleza kila anapoandikishwa, kuanzia skuli mpaka kitambulisho. Cheti kina nafasi ya jina la mtoto, ya wazazi wake, ya siku na ya mahali alipozaliwa, na hakina nafasi ya sababu. Kwa hiyo kisa cha babu yake kiandikeni ninyi wenyewe pembeni, wewe na mume wako, kikiwa na jina kamili la marehemu na aliyokuwa akiyasimulia, mkihifadhi pamoja na cheti hicho. Mume wako aanze leo, kwani yeye ndiye anayeyakumbuka maneno ya baba yake.